Kumsoma Pongo Dume

Abiria wa basi la Iringa humwona swala pala bila kuinuka kitini. Barabara kuu imeikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na uwanda wa Mkata uko wazi. Kinole ni habari nyingine. Huku mashariki mwa milima ya Uluguru, kwenye miteremko inayolowa mvua za Bahari ya Hindi, mkulima anaweza kupalilia migomba yake mwaka mzima asimwone pongo dume hata mara moja. Asubuhi hukuta kunde zimetafunwa, na alama ya kwato kwenye tope.

Uwandani shida ya mwindaji ni kuonekana. Kundi la swala lina macho mengi, na jicho moja likishtuka wote wamekwenda. Hivyo atatambaa nyuma ya kichuguu, atangoja wainamishe vichwa, atasogea tena. Dume aliyekomaa hajifichi: shingo nene, pembe ndefu zenye pingili. Ni kazi ya macho na magoti, nami naiheshimu.

Ila fundi hasa, kwa maoni yangu, ni wa msituni, maana yeye humjua mnyama kabla ya kumwona. Pongo hutembea peke yake, alfajiri na jioni, kwenye kingo za msitu. Dume kadiri anavyozeeka ndivyo manyoya yake yanavyokolea weusi, basi kivulini huyo mkubwa ndiye asiyeonekana kabisa. Msasi husoma mapito, mavi yaliyo mabichi bado, matunda yaliyoangushwa na kima, ambayo paa na funo huyafuata chini ya mti. Majani yakiwa yamelowa anashukuru, kwani hayalii chini ya mguu.

Halafu kuna upepo. Mkata huvuma upande mmoja kwa saa nyingi. Mlimani hubadili njia kila siku. Alfajiri hewa ya baridi huteremka mabondeni, na anayekuja kutoka chini hanusiwi. Jua likishapasha mteremko, hewa hupanda, na mtu yuleyule mahali palepale ameshatoa harufu yake yote kwa mnyama aliye juu. Pongo atabweka kama mbwa mara moja, na shughuli ya siku hiyo imekwisha. Kujua saa ya kuhama kutoka chini kwenda juu hakutokani na bunduki nzuri.

Siku hizi ufundi huo hautafuti nyama. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, na humo kuwinda ni marufuku. Kwingineko kunakoruhusiwa kuwinda, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali. Sawa kabisa, misitu yenyewe imebaki kidogo. Lakini usomaji wa nyayo bado una kazi. Minde, mnyama wa jamii ya funo anayepatikana Tanzania tu, milima ya Uluguru ikiwemo, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa kamera ya kujifyatua iliyotegwa kwenye milima ya Udzungwa. Kamera ya namna hiyo haimfuati mnyama. Lazima awepo mtu wa kuinama, kuangalia tope, na kusema ifungwe kwenye mti upi.