Huduma ya Kwanza kwa Gari Jipya: Uhakiki wa Tafsiri ya Waraka Mmoja

Waraka ninaokusudia kuuhakiki katika makala haya una kurasa nne tu, wala si waraka wa serikali. Ni maelekezo apewayo mnunuzi wa gari jipya la bei kubwa na kampuni moja ya kuuza magari jijini Dar es Salaam, ambayo jina lake halina faida kwa mjadala huu. Safu ya kushoto imeandikwa kwa Kiingereza na ya kulia kwa Kiswahili. Kampuni yastahili pongezi kwa kumwandikia mteja wake kwa lugha ya taifa, maana wako wengi wasiojisumbua kufanya hivyo. Lakini maadamu karatasi hiyo hutiwa sahihi, na sahihi hiyo humfunga mwenye gari, safu ya kulia haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo.

Waraka huo ulinifikia kwa njia ya shemeji yangu, mfanyabiashara, aliyenunua gari la namna hiyo akawa analitoa siku za Jumapili na siku za harusi tu. Ilipotimia miezi kumi na minne, likiwa limekwenda kilomita 3,800, alilipeleka kwa muuzaji lifanyiwe sevisi yake ya kwanza, nami nikamsindikiza. Kijana wa mapokezi alikitazama kitabu cha gari, akatazama na dashibodi, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, gari limechelewa miezi miwili. Suala la dhamana ya injini itabidi nilipeleke kwa wakubwa." Shemeji akautoa waraka wake mfukoni, akaweka kidole juu ya kifungu cha pili. "Limechelewaje, kijana wangu? Hapa mmeandika kilomita elfu kumi au mwaka mmoja, yoyote. Mimi nilichagua kilomita."

Kifungu chenyewe kinasema hivi: "Gari lako la anasa lipate huduma ya kwanza baada ya kilomita 10,000 au mwaka mmoja, yoyote iwayo kwanza." Sentensi hii moja ina makosa ya kutosha makala nzima. Nitaanza na la mwisho, kwa kuwa ndilo lililomtia mtu hasarani.

Mfasiri alikuwa na fungu la maneno la Kiingereza ambalo wanasheria wa lugha hiyo hulitumia kila siku, lenye maana kwamba katika mipaka miwili iliyotajwa, ule utakaofikiwa mapema ndio utakaohesabiwa. Akalifasiri neno kwa neno. Kwanza, sarufi inamkataa: kilomita 10,000 hudai "zozote", mwaka hudai "wowote", na hiyo "yoyote" haipatani na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Pili, na hili ndilo zito, Kiswahili kinao usemi wake wa siku nyingi, "yeyote awaye", "yoyote iwayo", ambao maana yake ni bila kubagua, apendavyo mtu. Msomaji akutanapo na "yoyote iwayo" husikia ruhusa. Neno "kwanza" lililobandikwa mwishoni haliwezi kuiondoa ruhusa hiyo. Laonekana kama limepotea njia. Shemeji yangu hakukosea kusoma. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, akapewa hiari ambayo safu ya kushoto haikumpa.

Huenda mtu akauliza kwa nini muda uhesabiwe ilhali gari halikutembea. Swali hilo ni la haki, na mfasiri asiyejua jibu lake hawezi kukifasiri kifungu hiki vizuri. Zamani sevisi ya kwanza ilifanywa mapema, aghalabu katika kilomita 1,000 au 1,500, kwa sababu vyuma vipya vya injini vilisagana na kuacha chembechembe ndani ya oili, ikabidi oili hiyo imwagwe. Uundaji wa kisasa umelipunguza jambo hilo, na watengenezaji wengi sasa huruhusu kilomita 5,000, 10,000, au hata zaidi. Muda, hata hivyo, haukuondolewa. Injini inapochoma petroli au dizeli hutoa mvuke wa maji na gesi, na sehemu yake hupenya hadi kwenye oili. Gari liendalo safari ndefu hupata joto la kutosha kuufukuza unyevu huo. Liendalo kilomita mbili na kurudi bandani halipati, na oili yake huchakaa polepole ingawa kilomita hazionekani. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama, na maji yakizidi ndani yake huchemka mapema breki zinapopata moto. Kwa hiyo gari linaloonewa huruma na kufungiwa ndani ndilo linalohitaji kuangaliwa kwa kalenda. Kama mfasiri angaliyajua haya, angaliona kwamba vipo vipimo viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja, wala hakuna cha kuchagua.

Ningependekeza sentensi mbili mahali pa moja: "Gari lifanyiwe sevisi ya kwanza litimizapo kilomita 10,000. Hata kama halijatimiza kilomita hizo, ni lazima lifanyiwe sevisi mwaka mmoja utimiapo tangu siku lilipokabidhiwa kwa mnunuzi." Ni ndefu kuliko Kiingereza, nami sioni aibu yoyote katika hilo. Wafasiri wetu wengi wana woga wa kuvuka idadi ya mistari ya safu ya kushoto, kana kwamba karani atapita na rula. Palipo na haja ya ufupi, "kimojawapo kitakachotangulia" chatosha, kwa kuwa kitenzi "tangulia" chenyewe hulazimisha ulinganisho.

Sasa tuje kwenye "huduma ya kwanza". Kila mwalimu aliyepata kufundisha skauti, kila mtumishi aliyehudhuria mafunzo ya usalama kazini, anajua kwamba huduma ya kwanza ni ile apewayo majeruhi kabla hajafikishwa hospitali. Ni istilahi iliyokwisha kukaa. Waraka wetu wenyewe unaijua, kwani katika ukurasa wa nne unamwagiza mwenye gari ahakikishe kwamba "sanduku la huduma ya kwanza" limo katika buti. Basi katika ukurasa wa kwanza gari jipya linapewa huduma ya kwanza kana kwamba limeanguka, na katika ukurasa wa nne linabeba sanduku la huduma hiyohiyo. Chanzo cha mkanganyiko ni kudhani kwamba, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa kazi ya kumhudumia mtu na kwa kazi ya kuiangalia mashine, nasi hatuna budi kuwa na moja. Sisi huhudumia wagonjwa, wageni na wateja. Injini haihudumiwi.

Maofisini limezoeleka neno "matengenezo". Magari ya serikali hupelekwa katika karakana za Wakala wa Ufundi na Umeme kwa ajili ya matengenezo, na katika hati za serikali neno hilo hubeba kazi zote, kubwa na ndogo. Lakini kwa mtu wa kawaida kitengenezwacho ni kilichoharibika. Mwambie mwenye gari lenye umri wa mwaka mmoja kwamba gari lake liende matengenezo, atakuuliza limeharibika nini, na pengine atataka arudishiwe fedha zake. Dhana tunayoitafutia jina ni ya kuangaliwa kwa kitu kizima, kwa vipindi, ili kisiharibike.

Si kweli kwamba dhana hiyo ni ngeni kwetu, kama nilivyopata kusikia ikidaiwa. Mabaharia wa pwani wanayo tangu zamani. Chombo hupwelezwa maji yanapokupwa, kikasuguliwa, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni chini na sifa juu, hata kama hakijaanza kuvuja. Nahodha angojaye mpaka kivuje humwona kila mtu kuwa mjinga. Msamiati huo ni tajiri, na umekwisha kutupa mengi: usukani wa gari ulikuwa kwanza wa jahazi, na rubani wa ndege alikuwa kwanza mwongoza vyombo. Nilijaribu kwa siku kadhaa kuona kama "kudeheni" au "kukalafati" kwaweza kuhamishiwa kwenye gari. Hakuhamiki. Maneno hayo yameshikamana mno na mbao, pamba na mafuta ya papa, na fundi wa Gerezani akiambiwa adeheni gari atatafuta rangi.

Linabaki "sevisi". Ndilo neno la mafundi, la madereva na la wenye magari, na lina umbo lililokwisha kukubali kanuni zetu: sevisi ya kwanza, sevisi zote, gari limefanyiwa sevisi. Najua wako watakaosema kwamba huku ni kushindwa. Nawaomba wakumbuke kwamba "gari" lilitoka Bara Hindi, "usukani" kwa Waarabu, "karakana" kwa Waajemi, na "breki", "gia" na "dereva" kwa Waingereza. Neno la Kibantu katika orodha hiyo ni la kutafuta kwa taa. Rai yangu ni kwamba "sevisi" likubaliwe kwa kazi hii mahsusi ya ukaguzi na ubadilishaji wa vipindi, na "matunzo" litumike kwa dhana pana inayojumuisha sevisi, kuosha, kujaza upepo na mengineyo. "Matengenezo" libaki kwa kilichoharibika.

Kasoro ya tatu ingechekesha kama isingekuwa ya hatari. Ukurasa wa pili unaagiza: "Tumia mafuta ya bandia tu." Mistari mitatu chini yake: "Usitumie vipuri bandia, dhamana itafutika." Oili iliyokusudiwa ni ile inayoundwa kiwandani kwa njia za kikemia badala ya kuchujwa moja kwa moja kutoka mafuta ghafi. Mfasiri alifungua kamusi, akaona "-a bandia", akaridhika. Katika nchi ambayo mnunuzi wa chujio la oili hugeuzageuza boksi dakika nzima akitafuta alama za udanganyifu, neno "bandia" lina maana moja tu. Istilahi ilikuwapo tayari: vitabu vya sayansi vya shule za msingi vina "usanisinuru", na kutokana na usanisi huo twaweza kusema "oili sanisi" pasipo kumtisha mtu. Nasema "oili" kwa makusudi, kwani "mafuta" peke yake ni neno lililoelemewa: ndiyo petroli, ndiyo ya kupikia, ndiyo ya kujipaka. Anayeambiwa abadilishe mafuta ana haki ya kuuliza yapi. Mafundi walikwisha kuitatua shida hiyo zamani. Wao hujaza mafuta na humwaga oili.

Haki itendeke pia kwa mfasiri huyu. Maji ya rejeta ameyaita "kipozeo", na hapo amefanya vizuri kuliko wengi wetu. Aliyezoea kusema maji ya rejeta hutia maji ya bomba, nayo huleta kutu na magamba ndani ya mifereji ya injini. Aambiwaye kipozeo hujua kwamba ni kitu cha kununua. Neno hilo lingefaa kuenezwa.

Kuhusu "dhamana" sina ugomvi, ijapokuwa neno hilo lina kazi nyingine mahakamani. "Waranti", ambalo madukani hulisikia sana, lilikwisha kutwaliwa na polisi kwa hati ya kumkamata mtu na maofisini kwa hati ya kusafiria. Tatizo ni kwamba waraka unasema "dhamana" katika ukurasa wa pili na "udhamini" katika wa tatu, kwa kitu kilekile. Katika shairi huo ungekuwa ufundi. Katika mkataba, kitu kimoja chenye majina mawili ni vitu viwili, mpaka hakimu aseme vinginevyo. Na hakimu huyo yumkini atausoma waraka kwa Kiswahili: mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tafsiri ambazo hapo awali zilikuwa za kumridhisha mteja sasa zaweza kuwa ushahidi.

Ama "gari la anasa", nadhani mfasiri hakusikia alichokiandika. Anasa ni neno la lawama. Hukemewa misikitini na makanisani. Kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakilisikii vingine, na ndicho kizazi kilichokuwa na neno "Wabenzi", jina la gari likivishwa kiambishi cha watu na kugeuzwa kabila la wakubwa. Kumwandikia mteja "gari lako la anasa" ni kumsuta mbele ya fundi. "La kifahari" ndilo lisemwalo leo, ingawa katika waraka huu hata hilo halihitajiki. "Gari lako" latosha, maana bei yake anaijua.

Nilimwandikia meneja wa kampuni hiyo nikaambatanisha sentensi mbili nilizozipendekeza hapo juu pamoja na masahihisho ya "mafuta ya bandia". Amejibu kwamba karatasi zilizokwisha kuchapwa zitatumika hadi ziishe. Gari la shemeji yangu limemwagwa oili na kukaguliwa, nalo halikukutwa na hitilafu yoyote. Lakini katika kitabu chake, mahali pa sevisi ya kwanza, pamepigwa muhuri wenye neno "IMECHELEWA", na suala la dhamana bado liko kwa wakubwa.