Majina na Vihisishi katika "The Lion Guard"

Mfululizo wa katuni wa televisheni "The Lion Guard" (2016–2019) ulitokana na filamu "The Lion King" ya 1994, ambayo ilikwisha kuwapa wanyama wake majina ya Kiswahili. Katika filamu, jina Simba halielezi ila kwamba mhusika ni simba. Mfululizo umepiga hatua mbele: fisi mwovu huitwa Janja, na fisi mwema huitwa Jasiri. Haya ni majazi hasa. Katika ngano zetu ujanja ni wa sungura, naye fisi ni mlafi na mjinga. Kwa hiyo jina Janja lina kinaya, maana hila za mwenye jina huvunjika kila mara.

Dosari imo katika vihisishi. Ono, yangeyange mwenye macho makali, akishtuka hulia "Hapana!" Hiyo ni tafsiri ya mshtuko wa Kiingereza, Mswahili angesema "Lahaula!" au "Salale!" Lakini "Huwezi!" ya duma Fuli ni tambo halisi la watoto wanaokimbizana. Neno lililochotwa kamusini hubaki pambo. Lililochotwa vinywani mwa wasemaji humjenga mhusika.