Joto, Moto na Baridi: Uhakiki wa Istilahi za Uhamishaji wa Joto kwa Macho ya Butembo na Beni

1. Utangulizi

Mjadala juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umeendeshwa kwa miaka mingi, na mara nyingi umeishia katika swali moja tu: je, istilahi zipo? Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, jibu limekuwa ndiyo, angalau kwa kiwango cha shule. Makala hii inakusudia kuuliza swali jingine. Je, istilahi hizo zikiingizwa katika sentensi, husema kile ambacho sayansi inakisema?

Tumechagua uwanja mmoja mdogo, yaani uhamishaji wa joto, kwa kuwa ndipo lugha ya kila siku na lugha ya fizikia zinapogongana waziwazi. Tumeutazama kutoka Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, ambako Kinande ni lugha ya nyumbani kwa wengi, Kiswahili ni lugha ya soko na barabara, na Kifaransa ni lugha ya kitabu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia. Kwa hiyo suala hili si la kupitisha wakati. Mwalimu atakayefundisha joto kwa Kiswahili atakuwa na kitabu cha Kifaransa mkono mmoja na orodha ya istilahi za Dar es Salaam mkono wa pili. Tunataka kujua orodha hiyo itamfikisha wapi.

2. Halijoto au jotoridi?

Fizikia hutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu, ambacho husomwa kwa digrii. La pili ni nishati inayohama kutoka kitu chenye kiwango cha juu kwenda kitu chenye kiwango cha chini. Huko Ulaya kwenyewe tofauti hii haikueleweka upesi. Joseph Black, katika karne ya 18, ndiye aliyeonyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi bila kipimajoto kupanda hata kidogo.

Mfano wa karibu tunao jikoni. Butembo ipo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Beni iko chini yake kwa mita zaidi ya mia tano. Kwa sababu ya upungufu wa kanieneo ya hewa, maji huchemka Butembo kwenye takriban digrii 94, na Beni kwenye takriban digrii 96. Mama aliyezoea kupika maharagwe Beni akihamia Butembo atalalamika kwamba hayaivi. Atazidisha makala jikoni (neno ambalo kwetu ni mkaa, msomaji wa Dar es Salaam asidhani tunachoma majarida), na maji yatachemka kwa kishindo zaidi, lakini hayatapanda kupita digrii zile zile. Ameongeza joto, hakuongeza kiwango chake. Nishati yote ya ziada imekwenda na mvuke.

Ili kutaja kiwango hicho Kiswahili kina istilahi mbili, halijoto na jotoridi. Halijoto ina sifa ya kutamka neno hali, maana kiwango ni hali ya kitu, si kitu kilichomo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba imeegemea upande mmoja. Msikilizaji anayeambiwa juu ya halijoto ya digrii 80 chini ya sifuri ana haki ya kuuliza joto hilo liko wapi. Jotoridi, ambayo umbo lake linaunganisha joto na baridi, inazishika ncha zote mbili za kipimo kimoja, na hivyo humfundisha mwanafunzi kwamba joto na baridi si maadui wawili bali ni pande za mstari mmoja. Kwa hoja ya maana, basi, jotoridi ndiyo bora. Kwa hoja ya mazoea, halijoto imekwisha kuenea, nasi hatuoni faida ya kupigana na mazoea. Tunachopendekeza ni kwamba halijoto itumike, na jotoridi ifafanuliwe darasani siku ya kwanza, ili mwanafunzi aione picha ambayo istilahi iliyoshinda imeificha.

3. Mpitisho, msafara na mnururisho

Vitabu vya shule za Tanzania vimezoea kutaja njia tatu za kusafiri kwa joto: mpitisho, msafara na mnururisho. Anayepita karibu na tanuru la matofali pembezoni mwa Butembo, linalowashwa kwa kuni za mikaratusi, huziona zote tatu kwa pamoja. Joto hutoka tofali hadi tofali kwa mpitisho. Hewa ya moto hupanda juu kupitia nafasi zilizoachwa, nao ndio msafara. Na uso wa mtu aliyesimama mbele ya mdomo wa tanuru huungua bila kuguswa na chochote, kwa mnururisho.

Katika tatu hizi, msafara ndio ubunifu uliofanikiwa zaidi. Katika njia hii maada yenyewe huondoka mahali pake ikiwa imebeba joto, kama wapagazi walivyobeba mizigo kutoka pwani hadi bara. Mwanafunzi wa Kongo ya mashariki hahitaji kuelezwa msafara ni nini. Mpitisho unakubalika, ingawa haudokezi kwamba chembe za kitu hubaki mahali pake na kusukumana tu.

Mnururisho ndio unaotia mashaka. Umetokana na nuru, na nuru huonekana kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya joto linalosafiri kwa njia hii haionekani. Mwili wa mgonjwa wa homa haung'ai, ilhali unanururisha usiku na mchana. Udhaifu huu ungeweza kuhesabiwa kuwa mdogo, kama historia ya karibuni isingetuonyesha vingine.

4. Kipimajoto na sanduku la chanjo

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Kivu Kaskazini epidemia ya Ebola ambayo haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, na zaidi ya 2,200 walifariki. Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa vitovu vyake. Pamoja na mengine mengi, epidemia ile ilileta barabarani vifaa viwili vya elimu ya joto.

Cha kwanza kilikuwa kipimajoto kisichogusa mwili, chenye umbo la bastola, kilichoelekezwa kwenye paji la uso la kila msafiri. Katika eneo ambalo raia wake walikuwa wakiuawa kwa makundi tangu mwaka 2014, umbo hilo peke yake lilitosha kuleta hofu. Lakini tuchunguze na lugha. Sentensi «tunakupima joto» inamfanya mpimaji kuwa mtenda na msafiri kuwa mtendwa. Haisemi ni nani anatoa na ni nani anapokea. Fizikia inasema kinyume cha inavyodhaniwa: mwili ndio unaotoa, chombo hupokea tu. «Mwili wako unatoa joto, chombo hiki kinalipokea na kulihesabu» ni sentensi ya Kiswahili chepesi, sahihi kisayansi, na inayotuliza. Haina istilahi hata moja ya kuazima. Hatudai kwamba ingemaliza uhasama uliokuwapo, kwani uhasama huo ulikuwa na mizizi ya kisiasa. Tunadai tu kwamba ilipatikana bila gharama.

Kifaa cha pili kilikuwa sanduku la chanjo. Chanjo iliyotumika, ambayo ilipewa watu zaidi ya 300,000, ilipaswa kuhifadhiwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri, karibu na mstari wa ikweta. Kwa tafsiri ya moja kwa moja ya Kifaransa tulipata «mnyororo wa baridi», na kazi ikaitwa «kutunza baridi». Hapa ndipo kosa la msingi lilipo. Baridi haitunzwi, kwa maana si kitu. Kinachofanyika ni kulizuia joto la nje lisiingie, na kuta za sanduku hazina kazi nyingine.

Mpinzani anaweza kusema kwamba tofauti hii haina athari: aonywe mtu kuwa baridi itatoka au kuwa joto litaingia, atafunga kifuniko vilevile. Ni kweli, kwa kifuniko. Lakini mwulize mwanafunzi: vipande viwili vya barafu, kimoja kimefungwa blanketi, kipi kitayeyuka kwanza? Aliyezoea kusema «blanketi lina joto» atajibu kuwa ni kile cha ndani ya blanketi, naye atakosea. Blanketi halina joto lolote la kumpa mtu. Huchelewesha tu joto lisipite, liwe linatoka mwilini au linakwenda kwenye barafu. Sentensi mbaya hutosha kwa amri, lakini haitoshi kwa kufikiri.

5. Vitenzi vilivyosahauliwa

Orodha za istilahi kwa kawaida hupangwa kwa nomino. Na nomino hugeuza kila tukio kuwa kitu: joto likawa kitu, baridi nayo ikawa kitu. Wazungu nao walipita njia hiyo. Mwaka 1787 wanakemia wa Ufaransa waliliundia joto jina «calorique», kana kwamba ni kimiminika, na mwaka 1824 Sadi Carnot, aliyeweka msingi wa elimu hii, aliandika kitabu chake juu ya nguvu ya mwendo ya «feu», yaani moto. Mtu wa Butembo anayesema «maji ya moto» hana la kuonea haya.

Utajiri wa Kiswahili uko katika vitenzi. Tunasema maji yamepata moto, na mtu ameyapasha. Pasha ni kumfanya mwingine apate: ndani ya kitenzi kimoja mna mtoaji, mpokeaji na kinachohama. Tunasema chai imepoa, bila kuhitaji baridi yoyote iingie. Chai imepoteza tu. Tunatofautisha chemka na chemsha, ganda na gandisha, yeyuka na yeyusha. Kanuni kwamba joto halihami lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto inaweza kufundishwa kwa poa na poza: kitu hupoa chenyewe hadi kilingane na mazingira yake, lakini kupozwa chini ya hapo kwahitaji mpozaji na gharama.

Uzito wa vitenzi unaonekana pia katika kisa mashuhuri zaidi cha elimu ya joto katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, alitia katika jokofu maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimpuuza. Miaka kadhaa baadaye alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala. Ubishi haujaisha hadi leo, na sehemu yake ni ya lugha: kuganda ni kufika digrii sifuri, ni kuanza kushika, au ni kuwa barafu yote? Burridge na Linden, ambao mwaka 2016 hawakuyaona matokeo hayo, walikuwa wamepima muda wa kupoa hadi sifuri. Mpemba alikuwa amezungumzia kuganda. Kiswahili kinavitenga vitenzi hivyo viwili tangu mwanzo.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi za joto zipo, na nyingine, kama msafara, ni nzuri kuliko zinavyosifiwa. Pungufu letu ni sentensi. Tunapendekeza, kwanza, kwamba kila istilahi ya mchakato itolewe pamoja na kitenzi chake na mfano mmoja wenye mtoaji na mpokeaji. Pili, kwamba «mnyororo wa baridi», kwa kuwa umekwisha kuzoeleka, ufafanuliwe kila unapofundishwa kuwa ni kinga dhidi ya joto. Tatu, kwamba wanaotunga istilahi wasikilize na Kiswahili cha Kongo, ambacho mara nyingi huhesabiwa kuwa kimepotoka kabla hakijasikilizwa. Kazi hii haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao. Tunawaalika wenzetu wa idara za fizikia na za afya wayakosoe haya tuliyoyasema, hasa pale ambapo mwanaisimu ameingilia jiko lisilo lake.