Spi Mbili za Krenki

Injini ya Yamaha AG100 ikishafunguliwa mezani, macho ya wengi hukimbilia pistoni na silinda. Fundi anayeijua kazi yake huanza pembeni, kwenye pete mbili nyeusi za mpira zinazokaa huku na huku kwenye mhimili wa krenki. Dar es Salaam na Nairobi huitwa oili sili. Lubumbashi, mpaka huku Kinsevere, ni spi. Hazigharimu pesa nyingi, na kifuniko kikisharudishwa hakuna atakayeziona tena. Ndiyo maana napenda kumtazama fundi anapozishughulikia, kwa kuwa hapo hamfanyii kazi mtazamaji yeyote.

Kinsevere iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, na wageni wanaijua kwa mgodi wa shaba wa kampuni ya MMG. Sisi wa pikipiki tunaijua kwa vumbi. Kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba, ardhi nyekundu husagwa na malori ikawa laini kama unga, ikaingia popote penye upenyo. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: injini ya sisi 97, mnyororo umefunikwa, keria mbele na nyuma. Misheni na mashirika ya afya waliipenda, na zile za zamani zilizobaki sasa zinafufuliwa na mafundi wa vijijini, moja baada ya nyingine.

Injini hii ni ya mipigo miwili, na chumba cha krenki kinapumua. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta hewa na petroli. Ikishuka, kinaibana mchanganyiko huo na kuusukuma juu kwenye silinda. Kwa hiyo spi ya krenki hapa haizuii oili peke yake. Inazuia hewa isiingie, halafu papo hapo inazuia isitoke, maelfu ya mara kwa dakika. Ya upande wa magineto ikichoka, hewa ya nje inaingia, petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo, joto linapanda, na mwisho pistoni inakwama ndani ya silinda. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma: moshi mzito nyuma, na kiwango cha oili kinapungua bila tone kuonekana chini. Watu wengi wamebadilisha pistoni na kusafisha kabureta mara kadhaa, na ugonjwa ulikuwa kwenye spi tangu mwanzo.

Fundi ninayemfikiria ana kibanda kando ya barabara, na kijana wa kujifunza anayemwita Papa. Spi ya zamani haitupi. Anaifuta, anaigeuza kwenye mwanga, anaukunja mdomo wake kwa kidole gumba. “Angalia mudomo kwanza,” anamwambia kijana. Mdomo uliokuwa mgumu na wenye nyufa ndogo umeungua. Uliochanika sehemu moja tu ulijeruhiwa siku ulipofungwa, mara nyingi na ncha ya mtaro wa ufunguo wa flaiwili. Mdomo uliolika upande mmoja zaidi ya mwingine unamwambia kwamba beringi imelegea na krenki inayumba. Hapo spi mpya haitasaidia kitu mpaka beringi zibadilishwe. Nimeona mafundi wenye vifaa vingi kuliko yeye wakiruka hatua hii, na sijui mtu anawezaje kuiruka.

Kisha anapitisha ukucha juu ya mhimili, polepole, akivuka mahali mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, kuna mfereji. Chuma kigumu kimechongwa na mpira laini, kwa sababu vumbi lililonaswa mdomoni linafanya kazi ya msasa. Dawa mojawapo ni kukalisha spi mpya milimita moja ndani zaidi au nje zaidi, ili mdomo ukutane na chuma kizima. Lakini kwanza anachungulia kama hataziba tundu dogo linalopeleka oili kwenye beringi. Mfereji ukiwa mkubwa, mhimili huvalishwa bomba jembamba la chuma.

Kuchagua ndiko kunakomchukua muda. Usoni mwa spi kuna namba tatu, tuseme 25, 40 na 8: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Muuzaji sokoni Kenya, ile komini ya Lubumbashi, atakupa yoyote yenye namba hizo. Namba sawa hazifanyi spi kuwa sawa. Ya ekseli ya sproketi, inayokaa karibu na mnyororo na uchafu wake, inafaa iwe na mdomo wa pili mwembamba wa kukinga vumbi. Ya krenki inahitaji mdomo unaostahimili msukumo wa pande zote mbili. Nyingine zina mshale unaoonyesha mhimili unazungukia upande gani.

Halafu kuna mpira wenyewe. Mambo haya yalianza na ngozi: kiwanda cha Freudenberg cha Weinheim, Ujerumani, kilikuwa cha kutengeneza ngozi kabla ya kuingia kwenye sili mwaka 1929, na mwaka 1936 kikahamia mpira wa viwandani. Anayefufua pikipiki ya miaka hiyo bado anakutana na sili za ngozi, ambazo hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa. Siku hizi mpira wa kawaida ni naitrili, unaovumilia oili na joto la kama digrii 100. Vitoni huvumilia karibu digrii 200, na bei yake huonekana. Bidhaa bandia zinapita mpakani Kasumbalesa pamoja na halali, kwa hiyo fundi wetu ana kipimo chake: anaitumbukiza spi moja kwenye petroli usiku kucha. Asubuhi ikiwa imevimba na kulainika, anairudisha dukani.

Kufunga kwenyewe ni kimya. Anasafisha kitako cha spi mpaka king'ae, anapasha kesi ya injini joto kiasi cha tone la maji kuchemka likiigusa. Kwenye mhimili anaviringisha kipande cha nailoni ya mfuko wa sukari kufunika meno na mtaro, anakipaka oili, na kuteleza spi juu yake ili mdomo usiguse ncha yoyote. Springi ndogo ya ndani anaikagua kwa kidole kuhakikisha haijaruka. Upande wenye springi unatazama ndani, kwenye chumba cha krenki. Kisha anachukua kipande cha bomba chenye upana wa ukingo wa nje wa spi, anagonga taratibu, anazungusha, anagonga tena, ili iingie bila kuinama. Kuna injini nyingine ambayo spi yake ina ukingo unaokaa kwenye mfereji wa kesi. Hiyo huwekwa wakati nusu mbili za kesi zinaunganishwa, na anayeigonga kutoka nje anaiharibu.

Washa za shaba za bolti hazinunui upya kama hazijapasuka. Shaba iliyobanwa huwa ngumu. Anaichoma mpaka iwe nyekundu, anaitia kwenye maji, inalainika tena. Na haya yanafanyika kilomita chache tu kutoka mahali zinapotengenezwa bamba za shaba zenye usafi wa asilimia 99.99.

Kabla ya kurudisha injini kwenye fremu, anaziba njia ya kabureta na ya ekzosi kwa mpira, anaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka geji isome 0.4 ya baa, si zaidi, maana msukumo mkubwa ungeuharibu mdomo mpya. Anapaka povu la sabuni kila kiungo na kusubiri. Kijana anatazama sindano, yeye anatazama povu.

Siku ya kuwasha, anafungua mafuta kidogo na kuachia. Mlio unatakiwa kushuka palepale. Ukichelewa kushuka, ukabaki juu kana kwamba mtu bado ameshikilia mafuta, anazima, anashusha injini, na kuitafuta pampu ya baiskeli.