Dereva wa Gari la Chanjo

Mvua zikishika, udongo mweusi wa mbuga ya Wembere hunasa gari kama gundi. Huko wilayani Iramba, madereva wa idara ya afya hufanya kazi ambayo kadi ya kliniki haina nafasi ya kuiandika.

Dereva akikuta korongo limejaa maji, hakanyagi mafuta. Hushuka, hukunja suruali na kupima kina kwa fimbo, akitafuta palipo na changarawe. Maji yakienda kasi, husubiri, ingawa chanjo zilizo kwenye kasha lazima zibaki kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kwenye mchanga hupunguza upepo wa matairi, na gia ya magurudumu manne huiingiza mapema. Wageni wa njia hizi huikumbuka wakishanasa. Kabla ya kurudi nyuma hulizunguka gari zima kwa miguu, maana watoto wa vijijini hupenda kuchungulia uvunguni.

Nyuma hubeba jembe, panga, kamba, jeki, na kipande cha ubao cha kuilalia jeki isizame topeni. Muuguzi anayesafiri naye akichelewa kumaliza kuchanja, dereva hukataa kuvuka korongo usiku, na lawama huzibeba yeye. Asubuhi huvuka, na watoto wa ng'ambo huchanjwa.