Selimundu si damu tu: mifupa tumeiacha wapi?

Vitabu vingi vya baiolojia vikigusa selimundu vinakupeleka kwa Anthony Allison: mwaka 1949 alipima damu za watu Kenya, akakuta chembe mundu nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, chache milimani. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba anayebeba jeni moja ana kinga fulani dhidi ya malaria. Hadithi tamu, na sisi wa Mwanza tumo. Ila inaishia hapo, kana kwamba mwenye jeni mbili ni swali la mtihani tu.

Huyo ana mifupa jamani. Seli zake nyekundu hazifikishi siku 120 kama zako. Nyingi hufa ndani ya wiki mbili tatu. Figo zikihisi oksijeni haitoshi humwaga eritropoietini, homoni inayouamuru uboho uzalishe zaidi. Uboho unatanuka, mfupa unaliwa kwa ndani, unabaki mwembamba. Halafu seli zilizopinda zikiziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kufa. Kijana anachechemea, watu wanasema eti kateguka mpirani.

Bango la kliniki likiandika "upungufu wa damu" na kunyamaza, mama atamwahisha mtoto akiona macho yamekuwa meupe, lakini nyonga inayouma ataikanda kwa maji ya moto. Mstari mmoja ungetosha: nyonga isiyoacha kuuma, mwambie daktari. Na eksirei ya kwanza ikitoka safi, rudi tena. Mfupa huweza kuanza kufa kabla picha haijaonyesha.