Kartiye ya Wachina ya Uvira iko wapi?

Leo siandiki juu ya magonjwa ya muhogo kama mlivyonizoea. Naandika juu ya video, ijapo mpunga nao utaingia mbele kidogo.

Kuna aina moja ya video inatembea sana mu simu zetu. Kijana anashika kamera, anaingia mji asioujua, anasema: leo nitawaonyesha kartiye ya kweli ya Wachina, pale wao wenyewe wanakulaka, si pale pa wageni. Dakika tatu. Taa nyekundu juu ya mlango, bakuli la tambi linatoa mvuke, wazee wawili wanacheza karata, basi. Rafiki yangu tuliyesoma naye anakaa Bujumbura, na sasa ameingia mu kazi hiyo. Siku moja akapita Gatumba, akavuka mpaka Kavimvira, akaniambia: "Masta, nionyeshe ya Uvira."

Nilicheka, lakini tukaenda. Tulichukua moto mbili, tukashuka toka Kavimvira, tukapita Mulongwe, mpaka Kalundu kwenye bandari. Vitu vya China tuliviona kila butiki: simu, beseni, paneli za jua, viatu vya plastiki, hata nyavu. Lakini nyuma ya kila meza alikaa mtu wetu. Mama mmoja alituchorea njia ya mali yake: Guangzhou, Dar es Salaam, Kigoma, halafu mashua mpaka Kalundu. Yeye mwenyewe hajawahi kuongea na Mchina hata mmoja. Rafiki yangu akazima kamera, akasema: "Hapa hakuna kitu." Pale ndipo mimi nilianza kutokubaliana naye.

Kosa la kwanza la video hizi ni kufikiri kwamba watu wakiwepo, lazima wawe na mtaa wenye alama mlangoni. Wachina wako mu jimbo letu, hakuna asiyejua. Mwaka 2021, mwezi wa nane, gavana wa Sud-Kivu alisimamisha kazi za kampuni za Kichina zilizokuwa zinachimba dhahabu Mwenga, kwa sababu wenyeji walilalamikia mito yao na mashamba yao. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, Wachina watano walitekwa karibu na Mukera, kule Fizi, na ubalozi wao ukawaambia raia wake watoke mu majimbo ya mashariki. Sasa mtu wa namna hiyo atafungua mkahawa wenye meza barabarani? Anakaa mu kambi, ndani ya ukuta, na mlinzi mwenye bunduki. Chakula chake kinapikwa ndani. Anayetafuta "mtaa wa kweli" bila kuuliza nani anamwogopa nani, atarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Kumbe ukuta wenyewe ndio habari.

Kosa la pili ni kupima ukweli wa pahali kwa furaha ya mgeni. Mgeni akijisikia amegundua kitu, basi pahali ni pa kweli. Wakiingia wageni wengine kumi, pahali pamekwisha kuharibika. Mwenye pahali haulizwi. Angalieni upande wa pili. Mu mji wa Guangzhou kuna Xiaobei, mtaa ambapo Waafrika, Wakongomani wakiwemo, wamekuwa wakinunua mali, wakikula, wakisuka nywele na kusali. Kwa Mchina mwenye kamera, ile ni "Afrika ya kweli" ya kwenda kutazama. Lakini mwezi wa nne mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mu mji ule walifukuzwa mu nyumba na mu hoteli, wakalala inje. Nani alikuja kutafuta ukweli wao usiku ule? Mfanyabiashara hakwenda Xiaobei awe mapambo ya mtaa. Alikwenda kutafuta mali, na kujikinga pamoja na wenzake.

Hata kwa majirani zetu ni hivyo. Nairobi, mwaka 2023, duka kubwa la China Square kwenye barabara ya Thika lilileta ugomvi mpaka wafanyabiashara wakaandamana. Tanzania, mwezi wa saba mwaka 2025, serikali ilikataza wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, pamoja na kutengeneza simu. Pande zote mbili swali lilikuwa bei, na nani ana haki ya kuuza nini. Ladha ya tambi haikuwa ndani. Video ikikata hayo, inabakiza mvuke wa bakuli tu.

Niseme basi mimi ningempeleka wapi. Ningemvusha Ruzizi, tuingie Gihanga, upande wa Burundi. Kule wataalamu wa Kichina wamekuwa mu mashamba ya mpunga pamoja na wakulima miaka kadhaa sasa, na mpunga wao chotara, mbegu ya namna ile aliyoipatia sifa profesa Yuan Longping, aliyefariki mwaka 2021. Hakuna taa nyekundu. Kuna matope mpaka magoti, na watu wanaoelewana kwa vidole kuliko kwa maneno.

Na hapa niungame. Shangazi yangu analima Luberizi. Msimu mmoja alipata mbegu toka ng'ambo, akaambiwa ni "mpunga wa Wachina." Akavuna vizuri kuliko miaka yote. Mimi, mwenye lisansi ya kilimo, nilipita pale, nikapiga picha, nikasifu. Sikuuliza ni mbegu ya namna gani. Shangazi akaweka kiasi cha mavuno kwa kupanda tena, kama alivyofundishwa na mama yake. Msimu uliofuata shamba lilikuwa vurugu: shina moja refu, jingine fupi, haya yameiva, yale bado mabichi, mengine mapepe matupu. Chotara hairudishwi shambani, inanunuliwa upya kila msimu. Jambo hilo nililifanyia mtihani na kulifaulu. Shangazi alilipa deni la maji na vibarua kwa kuuza mbuzi wake wawili. Hakunitukana. Alisema tu: "Mwanangu, ulipokuja na simu yako, ulikuwa unaangalia nini?"

Ndiyo maana siwezi kumcheka rafiki yangu sana. Mimi pia nilipiga picha ya kitu kizuri, nikaita kazi imekwisha. Shamba la msimu wa kwanza linapendeza kila mtu. Msimu wa pili ndio unasema mbegu ilikuwa nini. Na pahali ni vilevile. Usiniambie tu mlikula nini pale. Niambie mwaka wa pili nani bado yuko, nani anamdai nani, na kikitokea kifo, nani anakuja kukaa kwenye matanga.

Kwa kipimo hicho, Uvira haina kartiye ya Wachina, na si aibu. Ina Kalundu, ambapo mama wa mabeseni na wabeba mizigo wanajuana kwa majina na kwa madeni. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia mu nyumba za kando, nganda nyingi za pwani zilifungwa, lakini wateja walihamia avenyu ya juu pamoja na viti vyao. Hapo rafiki yangu alipita na moto bila kusimama.

Nimemwandikia arudi, akae wiki mbili, wiki ya kwanza bila kamera. Shangazi amesema atampikia. Wenzangu mlioko Bukavu, Baraka na Bujumbura, mnaoona nimekosea, andikeni hapa chini. Nasoma yote.